Misuli Haina Nia

Ilikuwa Ramadhani, saa tisa alasiri, ile saa ambayo hata mate huwa mazito. Nimekaa barazani Ngamiani, Tanga, nasahihisha madaftari ya baiolojia, mpwa wangu wa kidato cha tatu akanijia na swali.

"Mjomba, ulisema seli za utumbo hufa kila siku, zikadondokea humo humo na kumeng'enywa kama nyama. Sasa aliyefunga si anakula?"

Nikacheka. Upande wa fiqhi haukunichukua muda: mate yako mwenyewe ukiyameza hayabatilishi saumu, sembuse seli ambazo hazijawahi kutoka tumboni. Akaridhika, akaenda zake. Mimi ndiye niliyebaki na swali.

Utando wa ndani wa utumbo mwembamba hujifanya upya kila siku 3 hadi 5. Seli huzaliwa chini, kwenye vishimo, hupanda polepole hadi kwenye ncha za vijidole vinavyofyonza chakula, kisha hudondoka. Protini yake huvunjwa ikawa asidi amino, ikafyonzwa tena na kujengea seli changa. Kasi hiyo inataka vifaa na inataka amri. Vifaa ni asidi amino zenyewe, aina 20. Amri hutolewa na baadhi yake, hasa leusini: ikiwepo ya kutosha huamsha mtambo wa seli uitwao mTOR, na ujenzi wa protini unashika kasi. Ikipungua, mtambo unapoa.

Halafu kuna kuni. Mwaka 1974 Windmueller na Spaeth, watafiti wa Marekani, walionyesha kwa panya kwamba utumbo mwembamba huchota glutamini, mojawapo ya asidi amino hizo, kwenye damu na kuichoma. Kwenye damu, si kwenye chakula tu! Kwa hiyo utumbo mtupu nao unaendelea kudai. Na damu ya mfungaji inaipata wapi? Sehemu kubwa kwenye misuli, ambayo hutoa asidi amino za protini yake na kutengeneza glutamini. Alasiri ile mimi nilikuwa nikijihesabia thawabu, kumbe walipaji walikuwa mapaja yangu.

Tumefundishwa kuwa amali ni nia. Misuli haina nia. Inatoa kwa sababu homoni na damu zimeiambia itoe. Mimi nina nia, ila sikutoa kitu. Nani hapo amefunga?

Nilimkumbuka marehemu mama akipakua futari. Kila mtu sahani yake, yeye mwisho, na ukoko. Sidhani kama kila jioni alinuia sadaka. Mkono ulikwenda wenyewe. Zamani ningesema kutoa kwa mazoea ni kutoa pungufu. Siku hizi naona kinyume: nia yake ilikuwa imezama mpaka kwenye mkono, haikuhitaji tena kusemwa moyoni. Kwa misuli sikuthubutu kusema hivyo, kwani haijawahi kuwa na nia ya kuzamisha. Yeye alikuwa nayo, siku fulani ya ujana wake ambayo sikuishuhudia.

Adhana ikalia. Mpwa wangu akanisogezea tende na bakuli la kunde za nazi.

"Anza wewe," nikamwambia.

"Hapana, mjomba. Mkubwa kwanza."