Kamtazame Jogoo Kabla ya Kununua Yai

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kilosa alipopokea kiinua mgongo chake, hakutaka fedha zile ziishie kwenye matumizi ya nyumbani. Alinunua mashine ya kutotoleshea vifaranga yenye nafasi ya mayai 300, akaiweka chumba cha uani, kisha akaanza kutafuta mayai yenye mbegu. Jina lake silitaji, maana yaliyompata yamewapata wengi. Nasimulia ili yasimpate na mwingine.

Mayai aliyapata kwa simu. Muuzaji wa Dar es Salaam alimtumia picha ya jogoo mnene mwenye kilemba chekundu, akamhakikishia kuwa mayai ni ya kuku halisi wa aina ya Kuroiler, tena kwa bei ya chini kuliko ya wenzake. Wahenga walishasema rahisi inavunja upishi, lakini mwalimu alilipa trei 10 bila kuuliza kuku wale wanaishi wapi, wanalishwa nini na wana majogoo wangapi. Mayai yalisafiri kwenye buti ya basi mchana wa jua kali, yakashushwa stendi, yakamalizia safari kwa bodaboda kwenye barabara yenye makorongo. Yalifika jioni. Usiku uleule yakaingizwa kwenye mashine, mengine ncha juu, mengine ncha chini.

Siku 21 zilipotimia, walitoka vifaranga 62. Mwalimu akaamini kwamba ameuziwa mashine mbovu, akamwita afisa mifugo wa kata aje ashuhudie.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yenyewe ndiyo hiyo. Imenifilisi."

Afisa aliangalia kipimajoto, akaona kinasoma nyuzi 37.5, joto linalotakiwa kwa mashine yenye feni. Aliomba ndoo, akaketi kwenye kigoda, akaanza kupasua mayai 238 yaliyobaki, moja baada ya jingine, akiyatenga mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilikuwa na mayai 104. Kiini kilikuwa kizima, cha njano, hakuna hata uzi wa mshipa wa damu. "Haya hayakuwa na mbegu tangu yalipotagwa," alisema. Mwalimu alipompigia muuzaji simu na kumbana, ikajulikana kuwa banda lina mitetea zaidi ya 60 na majogoo wawili tu, mmoja akiwa mlemavu wa mguu. Kwa kawaida jogoo mmoja mwenye afya huwekewa mitetea wanane hadi kumi. Wakizidi sana, wengi hutaga mayai ya kula, si ya kutotolesha.

Fungu la pili lilikuwa na mayai 71, yaliyomlazimisha mwalimu kuziba pua. Yalikuwa viza. Ute na kiini vimechanganyika, na katika baadhi yake kilionekana kidoa cheusi cha jicho lililoanza kuumbika. Hapa mbegu ilikuwepo, ikafa mapema. Kijusi cha kuku huanza kukua polepole joto likivuka nyuzi 21 hivi, hata kama yai halijaingia kwenye mashine. Yai likikaa siku nyingi dukani au likipigwa na jua njiani, uhai huanza, hudhoofika, kisha hukoma. Ndiyo maana yai la kutotolesha huhifadhiwa mahali pa baridi kiasi, ncha ikiwa chini, na lisizidi siku saba. Likisafiri, lipumzishwe saa 12 hadi 24 kabla ya kuingizwa, ili chumba chake cha hewa kilichotikiswa kitulie.

Fungu la tatu, mayai 63, ndilo lililomtoa mwalimu machozi. Ndani mlikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya na kucha. Baadhi walikuwa wameshatoboa ganda kwa mdomo, lakini utando wa ndani ulikauka ukawanasa kama karatasi iliyopakwa gundi. Wengine vichwa vyao vilikuwa upande wa ncha, mbali na chumba cha hewa, kwa sababu mayai yao yaliwekwa ncha juu. Afisa aliuliza siku za mwisho zilikwendaje. Mwalimu akaeleza kuwa siku ya 20 alikuwa akifungua mlango mara kwa mara ili wajukuu waone, na kila alipofungua, unyevu ulitoka. Siku 18 za mwanzo unyevu wa asilimia 50 hadi 55 unatosha, na mayai hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku. Kuanzia siku ya 18 hayageuzwi tena, unyevu hupandishwa hadi asilimia 65 au zaidi, na mlango hufungwa hadi vifaranga wakauke.

Msiba haukuishia hapo. Wiki ya pili, wale 62 walianza kuhara kinyesi cheupe kilichoganda nyuma, na zaidi ya nusu wakafa. Maabara ilithibitisha pulorum, ugonjwa ambao mtetea huurithisha kwa kifaranga kupitia yai, kisha huenea kwa wenzake ndani ya mashine ileile. Waliopona walikua bila kulingana, mmoja mkubwa, mwingine mdogo. Kuroiler ni chotara aliyezalishwa na kampuni ya Keggfarms ya India kutokana na wazazi maalumu. Ukipandisha Kuroiler kwa Kuroiler, watoto hawafuati sifa za wazazi wao. Picha ya jogoo mnene haikumwambia mwalimu hilo.

Mashine haikuwa na kosa. Misri, ambako tangu kale mayai hutotoleshwa katika matanuri ya matofali ya udongo, mafundi walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho, na vifaranga wakatoka kwa maelfu. Kwao hakukuwa na umeme wala kipimajoto. Mashine hutunza uhai uliomo ndani ya yai, haiuweki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayetaka kuanza, nauli ya kwenda kuliona banda ni ndogo kuliko hasara ya trei 10. Wahesabu majogoo kwa macho yako. Uliza chanjo na upimaji wa pulorum. Uliza mayai yametagwa lini, na kataa yenye uchafu, nyufa au umbo la ajabu. Anza na trei moja, na siku ya saba yamulike kwa tochi gizani. Yai hai huonyesha mishipa iliyotawanyika kama utando wa buibui, na tupu hupitisha mwanga mweupe. Matupu yakizidi, acha kununua hapo. Umeme ukikatika usifungue mlango, funika mashine kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Andika kila kitu, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Na muuzaji asiyekubali uwaone majogoo wake, usimtumie fedha.