Msaada Ukija, Nani Ashike Mfuko?

Soma: 2 Wakorintho 8:16-21



Mwaka 2004, Kennedy Odede, kijana wa Kibera, Nairobi, alinunua mpira akakusanya vijana wenzake. Kikundi chao, SHOFCO, kikaja kuleta maji, shule na matibabu. Mwaka 2018 mfuko wa Conrad N. Hilton wa Marekani ulikipa tuzo ya dola milioni 2. Fedha zilikuta kazi inafanyika tayari.

Nasi hapa tuna vikundi vya akina mama, vya vijana na vya kuangalia wagonjwa. Tunaandika barua za kuomba ruzuku. Lakini minong'ono ni mingi: "Wakubwa watakula." Minong'ono hiyo huua kikundi kabla fedha hazijafika.

Mchango kwa watakatifu wa Yerusalemu Paulo hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito aukamilishe, na makanisa yakachagua ndugu wa kusafiri nao, pasiwe na lawama. Mtume mzima alikubali kuangaliwa! Basi mweka hazina asikasirike akiulizwa risiti. Hesabu zisomwe mbele ya wote, hata za shilingi mia. Naye anayenong'ona aje mkutanoni aulize.

Mjane anayengoja unga hamjui mfadhili. Anatujua sisi.

Mungu awabariki. Amina.