Shoga Yangu Sista

Shoga yangu ni sista. Nikisema hivi Nairobi watu hucheka, kwa hivyo nieleze mapema: kwetu Mji wa Kale, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, yule wa siri na wa kuazimana leso. Hayo mengine mliyoyaongeza watu wa bara ni yenu. Na sista ni sista kweli, mtawa wa Kikatoliki, na shela yake kichwani na msalaba kifuani.

Tulikaa dawati moja miaka minne, mimi Mwislamu, yeye na rozari yake mfukoni. Baada ya kidato cha nne mimi nikaenda chuo, yeye akaenda utawani. Mwaka wa tatu nikaacha chuo. Mwaka huohuo yeye akaweka nadhiri zake za kwanza: ufukara, useja, utii. Nyanya yangu hakunisema sana, alisema mara moja tu: "Mwenzio kamaliza alichoanza."

Jumamosi moja mwezi wa pili alikuja kwetu, karibu na Ndia Kuu, pamoja na sista mwingine mkubwa kiumri. Shirika lao wana desturi ya kutembea wawili wawili. Huku kwetu hawashangazi mtu. Mwanamke aliyejifunika kichwa akipita na mwenziwe si kioja Mji wa Kale. Wazee wa barazani huwakaribisha kahawa, wao hushukuru na kupita. Nyanya naye ana njia yake ya kuwaelewa. Mamake alicheza lelemama, kwa hivyo akisikia habari za wanawake wenye chama chao, sare zao, vyeo vyao na ugomvi wao wa ndani, hamna geni.

Tulikuwa tunakula mahamri kwa mbaazi. Akaniambia amehamishwa, kwa sauti ya mtu anayesema chai imepoa. Lodwar. Baada ya wiki mbili.

"Kataa," nikamwambia.

Akacheka. "Nimeweka nadhiri ya utii, we."

"Kwani walikuuliza kama una mtu hapa?"

Hakujibu. Yule sista mkubwa akageuza uso, ati anaangalia nakshi za mlango.

Swali langu lilikuwa la hasira lakini bado naona lilikuwa swali zuri. Mamake angekuwa mgonjwa, pengine wakubwa wake wangelifikiria hilo. Shoga hafikiriwi. Na si kwa masista peke yao. Akifa mume, mjane hukaa eda, na ndugu hupewa mkono wa tanzia. Akifa shoga yangu, mimi nitaambiwa pole, na Jumatatu nirudi kazini. Urafiki hauna cheti. Hakuna mahali popote unapoweza kwenda kuuonyesha mtu akakwambia sawa, una haki.

Nikaanza kusoma (niliacha chuo, sikuacha kusoma). Nikakuta kwamba zamani konventi nyingi zilikuwa na jina la kitu tulicho nacho sisi wawili: urafiki wa pekee. Na lilikuwa jina la kosa. Sista hakutakiwa kuwa na mmoja wake anayempenda kuliko wengine, kukaa naye kila mapumziko, kunong'ona naye. Mashirika mengi yalikuja kulegeza hayo baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule wa 1962 hadi 1965. Lakini mizizi yake ni ya mbali. Teresa wa Avila, aliyefungua konventi yake ya kwanza ya mageuzi huko Hispania mwaka 1562, aliandika katika Njia ya Ukamilifu kwamba katika nyumba ya wanawake kumi na tatu lazima wote wawe marafiki na wote wapendane. Hao marafiki wa kuchaguana aliwaona ndio mwanzo wa makundi.

Nilisoma nikasonya. Halafu nikakuta kwamba Teresa huyohuyo, alipokufa mwaka 1582, alikufia mikononi mwa sista mmoja, Ana wa Mtakatifu Bartolomayo, aliyekuwa akimuuguza na kusafiri naye. Hakufia mikononi mwa konventi nzima. Nikasema basi, kesi yangu nimeshinda. Anayesema anawapenda wote sawasawa, siku ya homa atataka mtu wake.

Ingeishia hapo ningefurahi.

Kisha nikasoma habari za Mabinti wa Maria wa kisiwa cha Réunion, kusini huko katika bahari yetu hii. Utumwa ulikomeshwa Réunion mwaka 1848. Mwaka uliofuata shirika hilo likaanzishwa, na likawapokea pamoja wanawake wa Kizungu na wanawake waliokuwa watumwa. Nyumba moja, meza moja, chakula kimoja. Mwaka 1860 baadhi ya masista wa shirika hilo walifika Unguja na mapadre, enzi ambapo soko la watumwa lilikuwa bado likifanya kazi palepale mjini.

Sijui walikuwa wakisemezana nini mezani, na sidhani mambo yalikuwa matamu hivyo. Lakini nikajiuliza: kama kila mmoja angeachiwa achague wa kukaa naye, nani angemchagua mwanamke aliyekuwa mtumwa mwaka juzi? Binti wa mwenye shamba? Wallahi sidhani. Kwa mwanamke kama yule, amri ya kwamba wote wapendane, hiyo hiyo niliyoisonya, ingekuwa ndiyo pekee iliyo upande wake.

Hapo nikakumbuka hosteli. Tulikuwa wanne chumbani, na kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa na watu watatu. Hatukumtukana yule wa nne, hatukumwibia, hatukumfanya lolote ambalo angeweza kwenda kulishtaki. Tulikuwa marafiki tu, sisi watatu, tukipika sisi watatu, tukicheka vichekesho ambavyo ungehitaji kuwa kwenye kikundi ili uvielewe. Muhula wa pili alihama. Tulisema ni msichana mgumu. Hadi leo sijui nambari yake ya simu, na nilikuwa nalala futi tano kutoka kwake.

Kwa hivyo sina tena uhakika kama niliokuwa nao siku ya mbaazi. Bado nasema wangemuuliza. Kuuliza mtu ana nani kabla hujamhamisha hakuvunji utii wowote, na shoga anastahili angalau mstari mmoja kwenye fomu. Lakini ule urafiki wa kuchaguana ninaoupigania, mimi mwenyewe nimeutumia kumfungia mtu mlango.

Na kuna huyu sista mkubwa. Shoga yangu hampendi, ameniambia mwenyewe. Anahesabu vijiko vya sukari, anafungua redio alfajiri, ana neno juu ya kila kitu. Lakini nilipoacha chuo nikajifungia chumbani siku kumi na moja, shoga yangu alipokuja ni yeye aliyemsindikiza. Waliporudi mara ya pili, na ya tatu, ni yeye tena. Mimi nililia kwa shoga yangu huko ndani. Yeye alikaa sebuleni na Nyanya, akimchambulia mchele. Mwaka mzima ulipita kabla sijafikiria kwamba hakuna aliyemshukuru.

Ile Jumamosi, walipokuwa wanaondoka, alibaki nyuma mlangoni akifunga kandambili zake.

"Mimi pia nilikuwa na wangu," akasema, bila kuinua kichwa. "Tulipelekwa mbalimbali tukiwa hatujafika thelathini. Tukaandikiana barua. Alizikwa Jumanne, mimi nikapata habari Ijumaa."

Nikakosa la kusema. Nikamwambia pole. Akaniambia mbaazi zilizidi chumvi.

Basi la usiku liliondoka Mwembe Tayari saa mbili kasoro. Shoga yangu alikuwa na begi moja na leso yangu, ambayo kwa mujibu wa nadhiri ya ufukara si yake, kwa hivyo tukakubaliana nimemwazima. Aliahidi kupiga simu akifika Kitale. Basi likaingia barabarani, likazibwa na tuktuk, likatoka.

Tukabaki mimi na sista mkubwa. Alikuja na mwenziwe, na sasa hakuwa na wa kurudi naye. Nikamsindikiza. Tuliteremka hadi Digo Road, polepole kwa sababu ya goti lake, yeye akinieleza njia nzima jinsi sukari ilivyopanda bei.