Mali ya Chini ya Ardhi: Ujamaa, Ubepari na Dhahabu ya Shinyanga na Geita

Vita Baridi, yaani ushindani wa Marekani na Umoja wa Kisovieti ulioanza mara baada ya Vita Kuu ya Pili na kwisha Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, hukumbukwa zaidi kwa makombora ya nyuklia, majasusi na Ukuta wa Berlin. Chini ya hayo yote kulikuwa na swali la kifalsafa lililo kongwe kuliko mataifa hayo mawili: nani ana haki ya kumiliki kitu ambacho hakuna binadamu aliyekiumba? Kusini mwa Ziwa Viktoria, kuanzia almasi ya Mwadui mkoani Shinyanga hadi dhahabu ya Bulyanhulu na Geita, kila kambi ilipata nafasi ya kulijibu swali hilo kwenye miamba ileile, tena katika muda ambao mzee mmoja angeweza kuushuhudia wote.

Hoja za kambi hizo zina chimbuko moja. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alishikilia kwamba Mungu aliwapa wanadamu dunia kwa pamoja, lakini kila mtu ni mmiliki wa mwili wake na jasho lake. Anachokichanganya na jasho hilo kinakuwa chake, mradi awaachie wengine cha kutosha na kilicho kizuri vilevile. Karl Marx naye alianzia kwenye kazi, akafika kwingine: kwa kuwa mali huzalishwa na wengi, mtu mmoja anapomiliki migodi na viwanda hujipatia jasho la wengine, hivyo njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Mabishano ya karne nzima yalitokana na watu wawili waliokubaliana kwamba haki ya mali inaanzia mikononi mwa anayefanya kazi.

Utekelezaji ulikwenda mbali na mwanzo huo. Nchi mbili zilizoongoza kwa uchimbaji wa dhahabu wakati wa Vita Baridi zilikuwa Afrika Kusini ya makaburu na Umoja wa Kisovieti. Katika migodi ya Witwatersrand, wachimbaji Waafrika waliishi kwenye makambi mbali na familia zao huku hisa zikimilikiwa na watu wasiowahi kushuka shimoni. Huko Kolyma, mashariki ya mbali ya Siberia, dhahabu iliyoitwa mali ya wafanyakazi ilichimbwa enzi za Stalin na wafungwa. Kampuni ilikuwa na hati na dola ilikuwa na amri. Kwa mtu mwenye sururu mkononi, tofauti ya vitu hivyo viwili ilikuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa.

Dini zilikuwa zimelijadili suala hili karne nyingi kabla ya kambi hizo kuzaliwa. Mwanateolojia Mkatoliki Thomas Aquinas alifundisha kwamba ni halali mtu kumiliki mali kwa maana ya kuitunza na kuisimamia, lakini matumizi yake hayana budi kuwafaa wote. Barua ya Papa Leo wa 13 ya mwaka 1891, Rerum Novarum, ilitetea mali ya binafsi dhidi ya wasoshalisti na papo hapo ikadai ujira wa haki. Populorum Progressio ya Papa Paulo wa 6, iliyotolewa Machi 1967, ilisema wazi kwamba haki ya mali binafsi si haki isiyo na mipaka.

Katika Uislamu, mafakihi walirejea tukio la Abyad bin Hammal, aliyemwomba Mtume Muhammad ampe mgodi wa chumvi huko Ma'rib, Yemen. Alipewa. Kisha Mtume alipoelezwa kuwa alichokitoa ni sawa na maji yasiyokatika, aliuchukua tena. Wanazuoni walichota humo tofauti kati ya madini yaliyo wazi, ambayo kila mtu huyafikia bila taabu na hivyo hayagawiwi mtu mmoja, na madini yaliyofichika, ambayo hayapatikani bila kazi na gharama. Kuhusu haya ya pili walihitilafiana: wapo walioyaweka chini ya mamlaka ya kiongozi, na wapo waliompa haki aliyeyachimba baada ya kutoa zaka. Dhahabu ya Geita, iliyofungwa ndani ya miamba, ingekuwa katika fungu hili la pili.

Wasukuma wa kusini mwa Ziwa Viktoria nao walikuwa na utaratibu wao, usioandikwa kwenye hati. Ardhi ilikuwa chini ya uangalizi wa ntemi, yaani mtawala wa jadi, ambaye hakuwa na ruhusa ya kuiuza. Kaya ilishika shamba kwa kulilima. Sehemu ya malisho ilifungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue, na mifugo ikaingizwa humo wakati wa kiangazi nyasi za kwingine zilipokwisha. Hifadhi hiyo ndiyo ngitili. Ziko ngitili za kaya na za jamii, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati huadhibiwa na mkutano wa wenyeji uitwao dagashida. Hapa haki ilifuata matumizi, na matumizi yalifuata majira.

Mawazo ya namna hiyo ndiyo aliyoyapa Julius Nyerere umbo la nadharia. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza Waafrika wapewe ardhi kwa umiliki wa kudumu, aliandika makala ya kupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote. Anayefyeka pori anamiliki kazi aliyoiweka pale. Ardhi yenyewe haiwi yake, na akiacha kuitumia, madai yake yanakwisha. Katika kijitabu cha Ujamaa cha mwaka 1962 aliukataa ubepari unaojenga furaha ya mtu juu ya unyonyaji wa mwenzake, na pia usoshalisti unaoona vita vya matabaka kuwa njia isiyoepukika. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameonya kwamba mataifa tajiri ya kambi zote mbili yako tayari kuutumia utajiri wao kutafuta nguvu na heshima badala ya kuufuta umaskini.

Msimamo huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilisitisha sehemu ya misaada yake kwa sababu Tanzania ilikubali Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Swali la mali lilikuwa limefika hata Umoja wa Mataifa, ambako azimio namba 1803 la Desemba 1962 lilitambua mamlaka ya kudumu ya mataifa juu ya maliasili zao. Marekani iliunga mkono baada ya kuhakikisha kuna kifungu cha fidia kwa mali itakayotaifishwa. Umoja wa Kisovieti na washirika wake walijizuia kupiga kura. Mwenye mali akawa taifa. Swali la nani ndani ya taifa hilo ana haki ya kuchimba halikuguswa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijibu kwa kuyataja madini miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kumilikiwa na wakulima na wafanyakazi kupitia serikali yao. Mgodi wa Mwadui unaonyesha safari nzima. Aliyeugundua, mwaka 1940, ni mjiolojia Mkanada John Williamson, ambaye alipofariki mwaka 1958 mgodi uligawanywa nusu kwa nusu kati ya kampuni ya almasi ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukawa mali ya umma, na mwaka 1994 De Beers ikarudi ikiwa na asilimia 75. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliundwa mwaka 1972. Upande wa dhahabu, mgodi mkubwa wa Geita uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 ulikuwa umefungwa mwaka 1966, wakati bei ya dunia ikiwa bado imefungwa kwenye dola 35 kwa aunsi chini ya mfumo wa fedha ulioongozwa na Marekani.

Jibu la dola lilijaribiwa vilevile juu ya ardhi. Katika Operesheni Vijiji, iliyofikia kilele Shinyanga mwaka 1974, kaya zilizotawanyika zilihamishiwa vijijini, mara nyingi kwa nguvu. Familia zilitenganishwa na ngitili zao, na hifadhi isiyo na mwangalizi ikageuka malisho ya yeyote. Ardhi iliyotangazwa kuwa ya wote ilikosa wa kuitunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa pale uliporudi kwenye utaratibu wa wenyeji na kuwaachia kaya na dagashida zao usimamizi wa ngitili. Fundisho lake ni kwamba mali ya pamoja na mali ya dola ni vitu viwili: ngitili ilikuwa na masharti na watu wa kuyasimamia, na vyote viwili viliondoka pale amri ilipochukua nafasi yao.

Jibu la mtaji lilifuata. Marekani ilipoacha kubadilisha dola kwa dhahabu mwaka 1971, bei ilianza kupanda, na Januari 1980, wiki chache baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, ilipita dola 800 kwa aunsi. Shilingi ya Tanzania nayo ilikuwa inaanguka. Kilimo cha pamba kilipoacha kulipa, vijana wa Usukumani walishika sururu, na rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, zikafuatana moja baada ya nyingine. Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na mwaka 1990 Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo. Lakini mwaka 1994 eneo la Bulyanhulu, walikochimba kwa miaka mingi, lilitolewa leseni kwa kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Canada, na Agosti 1996 wachimbaji wakaondolewa. Sheria ya Madini ya 1998 iliruhusu wageni kumiliki mgodi kwa asilimia mia moja na kuweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3. Geita ikafunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001.

Tukio la Bulyanhulu lina uzito wa kifalsafa. Kwa kipimo cha Locke, aliyeanza kuchimba ana dai la kwanza. Lakini soko linalojinasibisha na Locke lilisimama na mwenye leseni. Kwa kipimo cha Marx, anayechimba ndiye anayenyimwa jasho lake. Lakini ni sheria ya mwaka 1979, ya wakati wa ujamaa, iliyokwisha kuyaweka madini yote mikononi mwa dola, na bila uwezo huo leseni isingetolewa. Ubepari ulirithi funguo kutoka kwa ujamaa, wala haukuhitaji kubadili kufuli.

Kwenye machimbo ya wadogo swali hilohilo hujibiwa kwa njia nyingine, na hujibiwa mdomoni mwa duara, kama shimo la kuchimbia linavyoitwa. Mawe yakishapandishwa kwa kamba, hujazwa kwenye viroba, na viroba hupangwa na kuhesabiwa mbele ya wote. Mwenye leseni huchukua fungu lake kwa sababu ya karatasi ya serikali. Mwenye duara huchukua lake kwa sababu alilipia matimba, pampu, baruti na chakula cha miezi ambayo shimo halikutoa kitu. Wachimbaji huchukua lao kwa sababu ya jasho. Mwenye shamba, pale asipokuwa ndiye mwenye leseni, naye hudai kwa sababu ardhi ya juu ni yake. Dola, mtaji, kazi na makazi, yaani nadharia zote za umiliki, hupata viroba vyake papo hapo. Tena kinachogawanywa ni mawe yenyewe, kabla hayajafika kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, na kabla mtu hajajua kama yana dhahabu. Kila mmoja huondoka na sehemu ya hatari pamoja na sehemu ya bahati. Mgao huo una kasoro zake: mwenye leseni anaweza kuwa mjini bila kuliona duara, na anayeshuka chini ndiye anayekufa kifusi kinapoanguka. Hata hivyo unakubali jambo ambalo kambi mbili zililikataa, kwamba haki juu ya kitu kimoja inaweza kuwa na misingi zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja.

Sheria za mwaka 2017 zilisogea upande huo kwa sehemu. Mrabaha wa dhahabu ulifikia asilimia 6, serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia, na maliasili zikatajwa kuwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kampuni ya Twiga, inayomilikiwa na kampuni ya madini ya Barrick kwa asilimia 84 na serikali kwa asilimia 16, ilitokana na mazungumzo yaliyofuata. Ushindani wa zamani umegeuka ubia.

Ubia nao haumalizi hoja, kwa sababu madini yana sifa moja ambayo nadharia ya Nyerere haikuifikia. Shamba likiachwa hurudi kwa wengine, na ngitili ikifungwa huota tena. Aunsi iliyochimbwa haibaki kwa ajili ya mwingine, hivyo kanuni ya kumiliki kwa kutumia, iliyo ya haki kwa mkulima, kwa mchimbaji ina maana ya kumaliza. Sharti la Locke la kuwaachia wengine cha kutosha haliwezi kutimizwa mgodini na mtu yeyote, awe kampuni, dola au mchimbaji mdogo. Kinachobaki ni shimo, zebaki na tope. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la Mwadui ulipasuka na kufunika mashamba na makazi ya jirani, wakati mgodi ukiwa wa ubia wa kampuni ya nje na serikali. Aina ya mmiliki haikuwakinga majirani.

Kwa mali inayokwisha, basi, kuuliza ni ya nani hakutoshi. Wazo linaloifaa zaidi ni lile la amana, ambalo Waislamu, Wakristo na sheria ya Tanzania yenyewe wanalifahamu: anayechukua hubaki na deni kwa waliopo na kwa watakaokuja. Deni hilo hulipwa kwa vitu vitakavyodumu dhahabu ikiisha, kama maji safi, shule, hospitali na ardhi iliyorudishwa katika hali ya kulimika. Kwa kipimo hicho kampuni, serikali na mwenye duara huhukumiwa kwa sheria moja, na hapo ndipo ilipokuwapo kasoro ya kambi zote mbili: kila moja ilijiona imelipa deni kwa kubadilisha tu jina la mmiliki.