Mzaha wa Sonara

Sokoni muuzaji ana ndimi mbili, na hakuna anayemlaumu. Mbele ya mteja, kitenge ni mzigo mpya, umeshuka jana tu. Mteja akigeuka, muuzaji huyohuyo humnong'oneza jirani wa kibanda cha pili kwamba ule mzigo umekaa mpaka umepauka. Ndimi hizo huishi pamoja kwa amani miaka na miaka, mradi kila moja ijue kwake. Gerald Ratner, tajiri wa vito wa Uingereza, alizikutanisha siku moja, tena kwenye kipaza sauti.

Na hakuwa mbumbumbu wa biashara. Alishika uongozi wa Ratners, maduka ya familia, mwaka 1984, yakiwa yanayumba, na katika miaka michache akayageuza kuwa himaya ya zaidi ya maduka 2,000 Uingereza na Marekani. Masonara wa kale walikaa kimya nyuma ya vioo vyao kama wanaolinda kaburi la walii. Yeye akabandika mabango ya rangi kali yanayopiga kelele za bei. Watu ambao hawakuwahi kuthubutu kukanyaga duka la vito wakaingia. Wengi walikuwa vijana wa vipato vya chini, wakitafuta hereni, mkufu wa kumpa mama, pete ya uchumba.

Tarehe 23 Aprili 1991 alihutubia mkutano wa wakurugenzi wa makampuni katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Akawaambia kuwa watu humuuliza anawezaje kuuza chupa ya kioo ya kumiminia mvinyo, pamoja na glasi zake sita na sinia, kwa pauni 4.95. Jibu lake: kwa sababu ni takataka tupu. Akaongeza kwamba ana hereni za dhahabu zenye bei ndogo kuliko sandwichi ya kamba ya Marks & Spencer, ila pengine sandwichi itadumu zaidi. Wakubwa wale wakacheka.

Wanaokisimulia kisa hiki husema Ratner hakujua yuko wapi. Mimi naona alijua mno. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Naye alilifumba barabara. Alikuwa kati ya watu wa daraja lake, akaongea kama wao, akawapa kicheko walichokitaka. Hata mzaha wenyewe haukuwa mpya, alikwisha kuutumia kwingine ukapita salama. Kosa lake lilikuwa katika hesabu ya wasikilizaji: alihesabu waliokaa vitini tu. Ukumbini walikuwamo waandishi wa habari, na kila mwandishi alikuwa na wasomaji wake, na miongoni mwa wasomaji hao alikuwamo kijana aliyemvisha mchumba wake pete ya Ratners.

Kesho yake magazeti yaliipamba habari hiyo. Uchumi wa Uingereza ulikuwa umedorora, fedha zilikuwa haba, na mtu aliyejibana akanunua zawadi sasa alimwona tajiri akimcheka kwa kuinunua. Wateja wakayahama maduka. Thamani ya kampuni ikaporomoka kwa takriban pauni milioni 500. Novemba 1992 Ratner akaondolewa, na mwaka uliofuata kampuni ikabadili jina kuwa Signet, ili lile la ukoo wake lisiendelee kufukuza watu mlangoni.

Wapo wanaomtetea kwamba alisema kweli. Lakini ukweli gani? Kwamba hereni za bei ya sandwichi si dhahabu ya kurithisha wajukuu? Mnunuzi alilijua hilo tangu anafungua pochi. Hereni zenyewe asubuhi ile ya magazeti zilikuwa zilezile za jana, hazikupungua hata chembe. Kilichovunjika ni heshima: mtu anaweza kuvaa kitu rahisi bila haya, ila si baada ya aliyemuuzia kukigeuza kichekesho mbele ya matajiri wenzake.

Ndiyo maana siridhiki na ushauri wa kila siku kwamba mtu aangalie tu yuko na nani kabla hajafungua mdomo. Meneja anayewadhihaki wateja katika kundi la WhatsApp la wakuu wa idara, au mwalimu anayewataja wazazi kwa kejeli kwenye chumba cha walimu, wote wawili wameangalia, wakaona wako na wenzao. Swali wanaloliruka ni nani anayetajwa naye hayupo, na kama mkate wao unatoka kwa hao wanaocheka au kwa huyo anayechekwa. Ratner angeulizwa hivyo kabla ya kupanda jukwaani, jibu lisingemchukua hata dakika: kati ya wakurugenzi wale, wangapi walikuwa wanunuzi wa seti ya pauni 4.95?