Udongo Ule Wautupe Wapi?

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitungoja kivulini nje ya kanisa, amemshika mkono mwanawe wa miaka tisa. Aliomba tuseme neno na mtoto. Siku tatu kabla, mtoto huyo alikuwa ameona katika simu ya kaka yake picha za bomu la atomiki likilipuka juu ya mji, na tangu hapo halali isipokuwa taa inawaka. “Nimemwambia ni sinema tu,” akasema mama, “lakini hasadiki.” Mtoto alitutazama machoni, akauliza neno moja tu: bomu hilo lipo kweli, au halipo?

Twakiri kwamba hatukumjibu upesi. Swali lile twalijua. Tuliwahi kuliuliza sisi wenyewe, tukiwa na umri upatao ule, katika misioni moja ya milima ya Uluguru, nasi tulijibiwa vibaya.

Ulikuwa mwaka 1988. Wazee watakumbuka ya kuwa siku zile Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1973, tena ya rangi. Sisi wa Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo televisheni kwetu ilikuwa sanduku lililopandishwa mlimani kwa gari, pamoja na jenereta na mashine ya kanda za video, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kulitazama. Mgeni mmoja aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo ndiye aliyeleta kanda. Ya kwanza ilikuwa ya mpira, tukashangilia mno. Ya pili, hatudhani kama yeye mwenyewe alijua vema kilichomo.

Ilikuwa sinema ya Kimarekani iitwayo The Day After, iliyoongozwa na Nicholas Meyer. Huko kwao ilionyeshwa katika televisheni usiku wa tarehe 20 Novemba 1983, na watu wapatao milioni 100 waliitazama. Mambo yake yatokea Kansas, nchi ya wakulima. Mwalimu wetu wa shule alisimama kando ya sanduku akitafsiri. Tuliona shamba, ng'ombe wa maziwa, binti ajitayarishaye kuolewa, na mdogo wake wa kiume mtundu kama sisi. Ndipo makombora yakachomoka chini ya ardhi, katikati ya mashamba yale yale, yakapanda mbinguni yakiacha mikia ya moshi. Baadhi yetu watoto tulipiga makofi, tukidhani ni fataki. Kisha ukaja mwanga. Watu walionekana mifupa yao, halafu hawakuonekana tena. Mtoto yule mtundu aligeuka kuutazama mwanga, akapofuka. Tangu hapo mwalimu aliacha kutafsiri kwa kitambo kirefu, wala hakuna aliyemwomba aendelee.

Alianza tena karibu na mwisho. Wakulima waliosalia wamekutana, na bwana mmoja wa serikali awaambia kwamba udongo wa juu umetiwa sumu na vumbi la bomu. Yawapasa waukwangue kwanza, ndipo wapande. Mjomba wetu alikuwa ameketi nyuma, kofia juu ya goti. Alisimama. “Mwalimu,” akasema, “hebu muulize bwana huyo: udongo ule wautupe wapi?”

Watu walicheka, kwa kuwa mzee alitaka mtu wa ndani ya sanduku aulizwe swali. Lakini kicheko kilikoma mara, maana ndani ya sanduku mkulima mmoja naye aliuliza jambo lile lile, wala hakupata jibu la maana.

Asiyeijua Uluguru hataona uzito wa swali hilo. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, nao ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, hivyo mjomba ndiye aliyewekewa dhamana ya kulitunza shamba kwa ajili ya watoto wa dada zake. Miteremko ni mikali, na udongo mwema ni ngozi nyembamba juu ya mwamba. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mara nyingi kazi hiyo iliufukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule usiozaa kitu. Mwezi wa Julai mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa kwa ghasia, na katika ghasia hizo mtu mmoja aliuawa. Mjomba alikuwa kijana wakati ule. Kwake kumwambia mkulima akwangue udongo wake ilikuwa sawa na kumwambia ajichune ngozi.

Usiku ule hatukulala. Kesho yake, sisi watoto wanne tulipeleka mihogo mikavu na kibuyu cha maji katika pango moja juu ya mto, na kwa majuma kadhaa kila ndege iliyopita juu tuliikimbia. Hatimaye mkubwa mmoja wa nyumbani alichoka nasi akasema: “Laleni. Hayo ni mambo ya Wazungu. Bomu halipandi Uluguru.” Basi tukalala. Mihogo ililiwa na panya.

Neno hilo lilitutuliza kwa miaka mingi, na halikuwa kweli. Milima yetu, ambayo vilele vyake vyapita mita 2,600, husimama mbele ya pepo za Bahari ya Hindi na kuyakamua mawingu. Mvua hiyo ndiyo iujazao mto Ruvu, na Ruvu ndio uwanyweshao watu wa Dar es Salaam. Vumbi la bomu la atomiki, likiisha kupanda juu sana, husafiri na upepo kuzunguka dunia, nalo huteremka pamoja na mvua. Mlima ukingao mawingu ya baraka hauwezi kuchagua mawingu. Tena mwaka ule ule wa sinema, 1983, wataalamu, miongoni mwao Carl Sagan, walionyesha kwamba moshi wa miji iunguayo ungeweza kulifunika jua na kuiharibu mavuno hata katika nchi zisizopigwa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilisema kwamba vita vya namna hiyo kati ya Marekani na Urusi vingeweza kuua watu zaidi ya bilioni 5 kwa njaa. Wengi wao hawangekuwa Wamarekani wala Warusi.

Na kuna jambo jingine, ambalo hatukulijua mpaka ukubwani. Mwaka 1906, wakati wa utawala wa Wajerumani, mkemia Willy Marckwald alieleza habari za madini ya rangi ya manjano yaliyotoka katika milima hii hii ya Uluguru, penye machimbo ya ulanga. Ndani yake mlikuwa na urani. Aliyapa jina la rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mtaalamu wa mionzi. Hatusemi kwamba jiwe la Uluguru lilitiwa katika bomu. Lililotiwa lilitoka kwa jirani zetu: sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, na Waafrika ndio walioibeba. Hata leo urani imo katika ardhi ya Namtumbo, mkoani Ruvuma. Kuichimba si dhambi, maana huweza pia kuwasha taa na kusaidia tiba ya wagonjwa. Lakini ni nani tena atakayethubutu kumwambia mtoto kwamba hayo ni mambo ya Wazungu?

Sasa na tuufikie moyo wa shauri hili. Bomu la kwanza lilianguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mkatoliki aifunguapo kalenda yake ataona kuwa ndiyo Sikukuu ya Kugeuka Sura Bwana, siku tunapoadhimisha mwanga uliotoka katika uso wa Yezu Kristu juu ya mlima. Mwanga ule wa mlimani uliwatia hofu Mitume, lakini haukuwaunguza. Bwana aliwagusa, akawainua. Mwanga wa Hiroshima uliacha vivuli vya watu katika mawe. Siku tatu baadaye bomu la pili liliangukia Nagasaki, karibu sana na kanisa kuu la Urakami, makao ya Wakatoliki ambao wazee wao walikuwa wameificha imani kwa zaidi ya miaka 200 ya mateso. Saa ile walikuwamo watu kanisani wakingoja kuungama, kujitayarisha kwa Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria.

Je, walikuwa na dhambi kuliko wengine? Bwana wetu alikwisha kulijibu hilo alipowakumbusha watu juu ya wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Hakuwaruhusu kuwahukumu maiti; aliwageuzia macho wenyewe. Basi tusimtwike Mungu bomu lililotengenezwa na mikono ya wanadamu, kwa fedha iliyohesabiwa na kwa maagizo yaliyotiwa sahihi. Lililofanywa na mikono laweza kufumuliwa na mikono. Ndiyo sababu Papa Yohane XXIII, miezi michache tu baada ya hatari ya Kuba, alitoa waraka wake Pacem in Terris tarehe 11 Aprili 1963 na kuwaambia watu wote wenye mapenzi mema kwamba silaha hizo zipigwe marufuku. Na Papa Fransisko, akiwa Hiroshima tarehe 24 Novemba 2019, hakuishia kulaumu kuzitumia: alisema kwamba hata kuwa nazo ni kinyume cha maadili.

Wala nchi yetu haikunyamaza. Tarehe 12 Aprili 1984 taifa lilimpoteza Waziri Mkuu Edward Sokoine kwa ajali ya gari pale Dakawa, katika mkoa huu huu wa Morogoro. Siku 40 baadaye, tarehe 22 Mei, Mwalimu Nyerere, msiba ungali mbichi, alitoa mwito pamoja na viongozi wa India, Uswidi, Ugiriki, Meksiko na Argentina, wakizitaka dola kubwa zisimamishe kutengeneza silaha za nyuklia. Kulikuwa na watu waliouliza: maskini huyu, asiye na bomu hata moja, ana haki gani ya kusema? Lakini mjomba wetu naye hakuwa na bomu, na swali lake lilikuwa bora kuliko majibu yote tuliyoyasikia usiku ule.

Yule mtoto tulimjibu hivi. Tulimwambia kwamba bomu lipo. Tulimwambia kwamba mwanzoni mwa mwaka 2025 yalihesabiwa zaidi ya 12,000, katika mikono ya mataifa tisa. Mama yake alitutazama kwa mshangao, pengine kwa hasira kidogo. Tuliendelea kumwambia kwamba tangu tarehe 9 Agosti 1945 hakuna taifa lililolitupa tena vitani, si kwa bahati tu, bali pia kwa sababu watu wengi wamekataa, na kwamba nchi za Afrika zimefanya mkataba, wa Pelindaba, unaotumika tangu mwaka 2009, kwamba bara hili lisiwe na silaha hiyo. Tuliona kwamba amesikiliza, ila hofu bado ipo usoni.

Basi tukamwambia habari za kengele. Waamini waliosalia Urakami walichimba katika kifusi cha kanisa lao, wakaipata kengele moja nzima, na usiku wa Noeli ya mwaka ule ule, 1945, wakaipiga.

“Kanisa limeanguka,” mtoto akasema, “waliitundika wapi?”

“Juu ya magogo.”

Alifikiri kidogo. Kisha akauachia mkono wa mama yake, akaenda kuitazama yetu.