Majina Yaliyofungiwa

Kuna orodha ya majina ambayo hapa Nakivale tunaizungumza karibu kila wiki, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiona. Ni ile inayofuatana na ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu makosa makubwa yaliyotendeka Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ile watu wanaita kwa kifupi "Mapping". Ripoti yenyewe haijafichwa. Ina kurasa zaidi ya 500, inaeleza matukio 617, na mwenye simu na bando anaweza kuishusha leo jioni. Majina ya wanaodhaniwa kutenda ndiyo hayamo. Yamehifadhiwa na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na wenyewe hawafichi kwamba yapo.

Sasa, mtu akikuambia "najua nani alimuua ndugu yako, ila sikuambii," je, una haki ya kukisia?

Tukumbushane kwanza ripoti ilivyotufikia. Mwishoni mwa Agosti 2010 rasimu yake ilivuja, gazeti la Le Monde la Ufaransa likaitangaza. Ndani mlikuwa na neno zito: kwamba baadhi ya mashambulizi juu ya wakimbizi Wahutu ndani ya Kongo, yakithibitishwa mbele ya mahakama, yanaweza kuitwa mauaji ya kimbari. Serikali ya Rwanda ilikataa, ikatisha kuondoa askari wake katika kazi za kulinda amani. Katibu Mkuu Ban Ki-moon akapanda ndege mpaka Kigali. Tarehe 1 Oktoba ripoti ikatoka rasmi, neno lile bado limo, ila limezungushiwa tahadhari nyingi kuliko mwanzo. Mimi naamini bila kuvuja kule lingefutwa kabisa. Aliyeivujisha alivunja kanuni za kazi yake, na namshukuru.

Kwa hiyo nisieleweke kama mtu anayependa kabati zilizofungwa. Lakini hata rasimu ile iliyovuja haikuja na orodha. Na hapo ndipo redio yetu ya barabarani, ile Kinshasa wanaita radio trottoir, ilipopata kazi.

Hapa kwetu kuna fundi wa baiskeli, muzee wa Kivu ya Kusini, mpole, anaziba pancha chini ya mti. Miaka michache iliyopita mtu alisema "yule yumo kwenye Mapping." Ushahidi? Eti hapendi kusema alikuwa wapi mwaka 1998. Bana, nani kati yetu anapenda kusema alikuwa wapi mwaka 1998? Baada ya miezi miwili watu walikuwa wanasukuma baiskeli zenye pancha kilomita nzima wamfikie fundi mwingine. Watoto wake wakaanza kuitwa majina shuleni.

Nilimuuliza kwa nini hajitetei. Akaniuliza, "Nijitetee na karatasi gani?"

Jibu lile limenikaa kichwani kuliko hotuba nyingi. Orodha ingekuwa wazi, asiyekuwemo angesema: angalieni, simo. Ikiwa imefungwa, haiwezi kumsafisha mtu yeyote. Wakubwa waliomo, kama wamo, wanalala vizuri na walinzi mlangoni, na huyu asiyejulikana kama yumo ndiye anayebeba mzigo. Siri hii inawekwa Ulaya, bei yake inalipwa chini ya mti Nakivale.

Basi ifunguliwe? Vijana wanasema ndiyo, wote, kwa sauti moja. Mimi nasita. Wachunguzi walihoji mashahidi zaidi ya 1,280, lakini hawakuwa wanatafuta ushahidi wa kumfunga mtu. Walitaka kujua tukio lilitokea au halikutokea, na kwa upande wa watu waliishia kwenye shaka yenye msingi, ambayo iko mbali na hukumu. Halafu kuna mashahidi wenyewe. Aliyesimulia kwamba alimwona fulani mlangoni pa kanisa huenda leo anachota maji bomba moja na shemeji wa huyo fulani. Ukilitoa jina la mtuhumiwa, kijijini watu wanahesabu tu ni nani alikuwa karibu siku ile, na shahidi wamemjua.

Ninachodai ni orodha ifunguliwe mbele ya mahakama. Ripoti yenyewe ilipendekeza Kongo iwe na chombo cha kusikiliza kesi hizi, wakae majaji wa Kongo na wa nje pamoja. Daktari Mukwege wa Panzi alipopokea Nobeli ya Amani mwaka 2018 aliutumia muda wake pale Oslo kuulaumu ulimwengu kwa kuiacha ripoti ioze kwenye droo. Chombo hicho bado tunakingoja.

Na wakati tunangoja, kukisia ni dhambi? Kijana mmoja anayejua Kifaransa alitusomea kurasa za Makobola, kule Fizi, siku za mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, watu zaidi ya 800. Ripoti inataja majeshi, haitaji mtu. Mama mmoja aliuliza, "Sasa ni nani?" Siwezi kumwambia mama huyo anasengenya. Kuuliza ni haki yake mpaka afe. Yule aliyemwonyesha kidole fundi hakuuliza chochote, alijibu, na jibu hakuwa nalo. Pia ninaona tofauti ya kumkisia jenerali na kumkisia jirani. Jenerali hata hasikii. Jirani anahama usiku.

Tena (hili tunalisahau) uvumi wetu unawasaidia wenye kuficha. Kila jina la uongo linalotembea sokoni linampa msemaji wa serikali, ya nchi yoyote, nafasi ya kusema: mnaona, ni maneno ya wakimbizi tu. Na wengi wetu tunasoma kurasa za wafu wetu peke yake. Ripoti ile ina Wahutu wa Rwanda, ina Watutsi, ina Wabembe, ina Wanyanga. Ukiisoma yote unachoka kunyoosha kidole upande mmoja.

Mwaka jana tuliamua tuandike wenyewe majina ya waliokufa, kijiji kwa kijiji, tuyasome tarehe 2 Agosti, siku Kongo inakumbuka wafu wa vita. Nilipewa daftari. Lakini watu hawakuishia hapo. Mtu anataja mtoto wake, ananyamaza, halafu anasema: na aliyemchukua ni fulani, andika. Nimeandika, kurasa za nyuma. Vijana wameshajua kwamba kurasa hizo zipo na wananiuliza kila Jumapili baada ya ibada. Fundi wa baiskeli naye aliniuliza mara moja, kwa sauti ya chini, kama jina lake limo.

Halimo. Nilimwambia. Akaniomba niwaambie na wengine, na mpaka leo sijaamua: nikishamtangaza mmoja kwamba hayumo, kesho watakuja wote mlangoni mmoja mmoja, na yule nitakayemnyamazia watajua ni kwa nini.